Kabla ya Kukopa Mahema, Laleni Nje Usiku Mmoja



Kila kiangazi kikianza, ofisini kwangu hufika vijana wenye wazo linalofanana. Wanawaona wageni wakipita na mabegi mgongoni kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba, Lukozi, Rangwi mpaka Mtae, kule ambako mlima unakatika na nyika inaonekana chini. Wananiambia: "Bwana shamba, kabichi imeoza shambani, nyanya haina bei, na hawa wageni wanapita mlangoni kwetu tunawapungia mkono tu. Tusaidie kuandika andiko la mradi, tukope mahema tuanze kazi."

Wazo si baya. Mikopo ipo: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni, na deni la kikundi ni la kila mmoja. Mwenzako akishindwa kulipa, wewe unalipa.

Kwenye kilimo hatufanyi hivyo. Mbegu mpya ikija hatuipandi shamba zima msimu wa kwanza. Tunapima kipande kidogo, tunakiita shamba darasa, tunaandika tunachokiona, ndipo tunaamua. Leo nataka nikushauri ufanye vivyo hivyo na biashara ya wageni wa kutembea: safari moja ya majaribio, ya usiku mmoja, ninyi wenyewe kwa wenyewe, kabla hamjasaini chochote.

Nitakueleza jinsi kikundi kimoja cha vijana tisa kilivyofanya. Nilikwenda nao.

Kwa nini walikubali kujaribu

Hawakuanza kwa hiari. Andiko lao lilikuwa tayari: mahema tisa, mifuko ya kulalia tisa, mabegi makubwa, majiko ya gesi. Mwenyekiti alikuwa amelichapisha vizuri kabisa. Aliyekwamisha ni mweka hazina, dada mwenye duka la rejareja kijijini. Aliniuliza mbele ya wote: "Bwana shamba, nisaini deni la mahema tisa na sijawahi kulala ndani ya hema hata siku moja? Hata pakiti ya biskuti siagizi katoni mpaka nijue kama inatoka."

Mwenyekiti alikasirika. Wengine walimwambia dada anarudisha nyuma maendeleo. Kikundi kilitaka kupasuka palepale. Niliwashauri waazime mahema mawili, walale usiku mmoja, kisha warudi mezani. Mwenyekiti alikubali kwa kuwa aliamini jaribio litamthibitisha yeye.

Mahali pa kulala na ruhusa

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hata kama umezaliwa ukingoni mwake, huingii kufanya shughuli bila kupita ofisini kwao. Waelezeni mnataka nini, lipeni kinachotakiwa, na daini risiti. Ndani ya hifadhi hukati mti, huwashi moto ovyo, hung'oi mmea.

Sisi tuliomba kupita njia ya msituni mchana tu. Kulala tulichagua shamba la mwanakikundi mmoja lililo nje ya mpaka wa hifadhi, mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumbani kwao. Shika hili: safari ya kwanza ya majaribio ilaliwe karibu na nyumba. Unajaribu baridi, mvua na mzigo. Hukwenda kujaribu bahati.

Toeni taarifa pia ofisi ya kijiji: mko wangapi, mnapita wapi, mnarudi lini. Namba ya dharura ya 112 ihifadhini kwenye simu zote, pamoja na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mkiwa njiani, simu mbili zizimwe kabisa ili chaji ibaki, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea na simu inayotafuta mtandao humaliza chaji haraka.

Pimeni mizigo kabla ya kuondoka

Tulipima kila begi kwenye mizani ya mnunuzi wa viazi. Hapo kila mtu alinyamaza. Kijana mwembamba, asiyefika kilo 55, alikuwa amebeba kilo 19. Kanuni wanayotumia watembeaji wengi ni mtu asibebe zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 12 hivi. Mpagazi aliyezoea hubeba zaidi, lakini hata Mlima Kilimanjaro, kwenye watu wa kazi hiyo, mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Kikundi chako kiwe na kikomo chake, kiandikwe, na mizani iwepo. Mgongo wa kijana ukiharibika, jembe halitamsubiri.

Kilichowashangaza zaidi ni mtungi wa gesi. Unaitwa wa kilo 6, kwa hiyo waliuhesabu kilo 6. Hizo ni kilo za gesi peke yake, na chuma chake kina uzito wake. Kwenye mizani ulipita kilo 12. Uliachwa.

Maji nayo yana hesabu rahisi: lita moja ni kilo moja. Ukijua kijito kiko wapi, huna haja ya kubeba lita tano tangu nyumbani. Beba lita moja na nusu au mbili, kisha uchote njiani na kuchemsha au kutia dawa ya maji. Kijito kikiwa kisafi machoni, juu yake kunaweza kuwa na ng'ombe.

Nguo za kulalia zikae mahali pasipoingia maji hata begi likilowa. Huna haja ya kununua kitu. Ule mfuko wa nailoni wa ndani wa gunia la PICS, ambalo mdomo wake umechanika na halifai tena kuhifadhia mahindi, unafaa kabisa. Usitumie mfuko wa mbolea au wa dawa.

Mwendo wa mgeni na mwendo wako

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Vijana waliozoea kupeleka kabichi kichwani mpaka barabarani walitoka kwa kasi, na baada ya saa moja tulikuwa tumetawanyika sehemu tatu. Kwa mtu anayekwenda sokoni si kosa. Kwa mtu aliyepewa mgeni ni hatari, maana mgeni hajui njia panda ipi inakwenda wapi.

Tukabadilisha. Aliye mzito kuliko wote akatangulia, mmoja anayejua njia akawa wa mwisho, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita wa mbele wala kubaki nyuma ya wa mwisho. Kila saa moja tulipumzika dakika tano. Dada mweka hazina alishika daftari: tulifika wapi, saa ngapi. Daftari hilo sasa ndilo linalowawezesha kumwambia mgeni "tutafika saa kumi" na wakafika saa kumi.

Miguu ndiyo iliyolia kwanza. Waliovaa gambuti walipata malengelenge kwenye visigino kabla ya adhuhuri. Gambuti ni kiatu cha shambani. Kwa mwendo mrefu mguu unacheza ndani yake na unatota jasho. Kiatu cha mtumba chenye kisigino kigumu na soli yenye meno kinatosha, ila ukivae wiki mbili kabla ukienda shambani na sokoni. Kata kucha za miguu, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinagonga mbele. Ukihisi mahali pameanza kuwaka, simama hapohapo uweke plasta. Ukisubiri mpaka lengelenge litoke, umechelewa.

Chakula: mlima una tabia zake jikoni

Walipanga kupika makande kambini. Niliwaonya mapema, na nieleze sababu maana inawahusu hata mama lishe walio juu mlimani. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajapata joto kubwa. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi kama 93. Utaona yanatokota, lakini maharage yanachelewa kuiva, na kuni au gesi inaisha.

Kwa hiyo maharage na mahindi vilichemshwa nyumbani usiku uliotangulia, vikabebwa vimeiva, kambini tukaviunga tu. Njiani tulikula viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na ndizi. Hakuna kilichonunuliwa mjini ila chumvi na majani ya chai.

Wewe mwenye duka au genge kando ya njia, hapa ndipo penye riziki yako. Mtembeaji hanunui gunia. Ananunua kitu kinachoingia mfukoni: mayai mawili, karanga zilizofungwa, ndizi mbivu, plamsi na peasi za msimu zilizooshwa. Irente, karibu na Lushoto mjini, wageni wanakula chakula cha mchana cha mkate, jibini na jamu vilivyotengenezwa palepale shambani. Maziwa na matunda hayo hata wewe unayo. Tofauti ni kwamba pale yameandaliwa, yamefunikwa, na yana bei inayojulikana.

Usiku

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi, na migongo ya Magamba inapita 2,000. Mtu akitoka Mombo anatokwa jasho, akifika huko juu jioni ni kama amehamia nchi nyingine. Sisi tumezoea baridi yetu, lakini tumeizoea tukiwa ndani ya nyumba, jiko likiwa linawaka.

Jioni palitokea jambo ambalo halikuwa kwenye andiko. Vijana wawili walipita na tochi kando ya ua wa miti ya mpaka wa shamba, wakaona kinyonga amelala kwenye ncha ya tawi. Wakaona wa pili, wa tatu. Usiku kinyonga hulala amepauka rangi, na mwanga wa tochi unamtoa waziwazi, wakati mchana unaweza kupita mbele yake mara kumi. Milima ya Usambara ina aina za kinyonga zisizopatikana mahali pengine popote duniani, na wapo wageni wanaopanda ndege kuja kuwaona. Wengi wetu tulilelewa kumwogopa. Mwenyekiti mwenyewe alisimama mbali. Huyo ni wa kumwangalia tu: usimshike, usivunje tawi, na usithubutu kumuuza, maana biashara ya wanyama hai bila kibali ni kosa la jinai.

Baadaye msitu ulipiga kelele. Ulikuwa mlio unaoanza kama mlango mkavu unaofunguliwa, kisha unapanda kuwa ukelele wa kutisha. Wasichana wawili walitaka kurudi nyumbani. Ni perere tu, mnyama mdogo wa jamii ya pimbi anayeishi juu ya miti. Lakini fikiria mgeni asiyeambiwa. Wewe mwenyeji ndiye wa kumwambia kabla hajalala.

Saa sita usiku mvua ilianza. Hema moja lilihimili. La pili lilikuwa limefungwa kwenye kibonde kwa sababu pale palionekana tambarare na laini, na maji yakaingia kwa chini. Saa nane usiku yule kijana mwembamba alikuwa amelowa mpaka shati la ndani. Alikuwa amelala na nguo za pamba alizotembea nazo mchana.

Naomba usome hapa polepole. Alianza kutetemeka sana, jambo ambalo ni la kawaida. Kisha akawa anajibu maswali kwa maneno ya kuburuta, akashindwa kufunga kamba ya kiatu, akasema tumwache alale tu. Hizo ndizo dalili za mwili kushindwa na baridi. Mtu aliyefika hapo usimwache peke yake, na usimpe pombe eti imchangamshe, kwa sababu pombe inatoa joto mwilini. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike na kichwa, mweke kati ya watu wawili, na kama anameza vizuri mpe kitu cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka huku akizidi kuzubaa, ni suala la hospitali bila kuchelewa.

Sisi tulimvisha sweta kavu na blanketi, tukamshika mikono, tukateremka nao ule mwendo wa dakika kumi mpaka nyumbani kwa mwenzao. Mama wa nyumba aliwasha jiko, akampa uji. Alfajiri alikuwa anacheka na wenzake. Sasa hesabu mwenyewe: ingekuwa ndani ya msitu, saa tano kutoka barabarani, na aliyelowa ni mgeni uliyemchukulia pesa?

Daftari la asubuhi

Asubuhi, kabla ya kufungua kambi, tulichora safu tatu kwenye daftari: tulichotumia, ambacho hatukutumia, tulichokosa. Kila mtu alisema vyake. Nakushauri mfanye hivyo palepale, mkiwa bado na baridi, kwa sababu mtu akishakula na kulala kwake husema kila kitu kilikuwa sawa.

Ambavyo havikutumika vilikuwa sufuria ya pili, spika ya muziki, mashati ya akiba na panga la pili. Vilivyokosekana vilikuwa koti la mvua kwa kila mmoja, godoro la povu la kuweka chini (baridi kubwa inatoka ardhini), sweta la sufu, soksi kavu, tochi ya kichwani na sanduku la huduma ya kwanza. Vingi kati ya hivyo vinapatikana kwenye mitumba.

Kisha tukaja kwenye mahema. Mmoja aliuliza kwa nini hema lililohimili mvua lina maji upande wa ndani. Hiyo ni pumzi ya waliolala: wasipoacha upenyo wa hewa, inageuka matone. Baada ya hapo dada mweka hazina aliuliza swali moja tu: "Hawa wageni wanaopita hapa kwetu, wanalala wapi?" Wanalala kwenye nyumba za wageni, na Rangwi wanapokelewa na masista. Wengi hawahitaji hema letu. Wanahitaji mtu wa kubeba mzigo, chakula kizuri cha mchana, na mtu anayeijua njia.

Palikuwa na ukimya. Mwenyekiti alikunja lile andiko akaliweka mfukoni. Sikufurahia kuona hivyo, kwa sababu aliliandika kwa moyo. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyekuja na andiko jipya: makoti ya mvua, vyombo vya chakula, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, mizani. Hema hata moja halikuwemo. Kiasi cha mkopo hakikufika nusu ya kile cha kwanza. Matembezi ya kuangalia kinyonga usiku kando ya mashamba yaliwekwa kama huduma, na gharama yake ni tochi na adabu. Mweka hazina alisaini.

Hawajatajirika. Wamebeba mizigo ya wageni mara chache tu, kwa kufanya kazi chini ya waongozaji wenye leseni. Nawe anzia hapo: kuongoza watalii ni biashara yenye leseni yake, kwa hiyo muulize afisa biashara na watu wa maliasili wa halmashauri kabla hujajitangaza. Lakini deni lao ni dogo, na kabichi bado zipo shambani.

Kwa ufupi, ukitaka kujaribu

1. Chagueni Juni mpaka Septemba mapema. Epukeni masika ya Machi hadi Mei, njia zinateleza. Juni hadi Agosti baridi ni kali, na ndiyo mnayotaka kuipima.
2. Ombeni ruhusa TFS na toeni taarifa kijijini.
3. Laleni karibu na nyumba, mahali palipoinuka kidogo, si kibondeni wala chini ya tawi kavu. Angalieni siafu kabla ya kufunga hema.
4. Pimeni kila begi kwa mizani.
5. Bebeni seti moja ya nguo kavu za kulalia tu, ndani ya nailoni.
6. Chemsheni vyakula vigumu nyumbani.
7. Andikeni muda njiani, na safu tatu asubuhi.
8. Kikao cha mkopo kifanyike baada ya hapo.

Kikundi chenye kusita kama kile, msimkemee anayeuliza maswali. Mpeni daftari. Na mkipanga usiku wenu, piteni ofisini mapema wiki hiyo. Mizani ya kuazima ipo.